Vijidudu Sugu: Somo la Maziwa, Mayai na Sindano

  Kurasa hizi za somo kwa kawaida huwa za ngeli, mnyambuliko wa vitenzi na uchambuzi wa ushairi, lakini mwaka huu nimepewa ruhusa nilete baiolojia. Sababu ni kwamba muhula wa kwanza tulikuwa na ubishi mkali chamani. Wengine walidai Kiswahili hakiwezi kufundisha sayansi, eti ukifika kwa bakteria lazima ukimbilie Kiingereza. Mimi nilikaa upande wa pili, na makala haya ndiyo ushahidi wangu. Nimechagua jambo ambalo sisi wanafunzi wa kutwa wa hapa Kianjokoma tunaishi nalo kila asubuhi, tunapopitia kituo cha maziwa na mtungi mkononi kabla ya kengele ya shule. Jambo lenyewe ni dawa tunazowapa ng'ombe na kuku wetu, na vijidudu vinavyokataa kufa kwa dawa hizo.

Tuanze na neno. Sugu ni ile ngozi ngumu inayoota kiganjani kwa kusuguliwa na mpini wa jembe. Mama zetu wanaochuma majani chai wanayo kwenye vidole. Kutokana na hiyo tukapata mkosaji sugu, yule aliyeadhibiwa mpaka adhabu haimwingii tena, na ugonjwa sugu, ule usiosikia dawa. Siku hizi kuna usugu wa dawa, na majirani zetu wa Tanzania wameufupisha kuwa UVIDA, yaani usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Dawa zenyewe zinaitwa antibiotiki, au viuavijasumu ukitaka Kiswahili cha taarifa ya habari. Mimi nitasema antibiotiki kwa sababu ndilo jina analolijua mwenye duka la agroveti.

Sasa, neno sugu ni tamu lakini lina mtego wake. Linatufanya tufikiri kwamba kijidudu huzoea dawa polepole, kama vile kiganja kinavyozoea jembe. Ndivyo tunavyosema hata nyumbani: "Mwili wangu umezoea hizo dawa, haziniingii." Jamani, mwili haukuzoea kitu! Ng'ombe naye hakuzoea. Wala kijidudu kimoja kimoja hakizoei. Kikikutana na dawa, ama kinakufa ama hakifi. Kinachobadilika ni ukoo mzima wa vijidudu, kwa sababu vilivyokuwa dhaifu vimefagiliwa na vilivyobaki ndivyo vinavyozaa.

Hebu tupige hesabu. Bakteria anayeitwa E. coli, akipata joto na chakula cha kutosha, hujigawa mara mbili kila baada ya dakika 20 hivi. Hana haja ya mume wala harusi. Mmoja anakuwa wawili, wawili wanakuwa wanne, wanne wanakuwa wanane. Ukianza na bakteria mmoja saa tatu usiku, na mambo yakamwendea vizuri usiku kucha, ikifika saa moja asubuhi amejigawa mara 30, nao ni 1,073,741,824. (Baridi ya Kianjokoma ya mwezi wa Julai huwapunguza mwendo, lakini ndani ya kiwele cha ng'ombe hakuna Julai.)

Kila anapojigawa ni lazima anakili maagizo yake yote ya uhai, na wewe msomaji unajua kunakili kulivyo. Anayenakili kazi ya hisabati ya mwenzake mbiombio saa moja kasorobo asubuhi atakosea tarakimu moja. Aghalabu kosa hilo humwangamiza bakteria au halimfanyi lolote. Lakini mara moja katika mamilioni linamfaa. Pengine ukuta wake unakuwa na mlango mwembamba ambao dawa haipiti, au dawa ikiingia anaitapika nje, au kimeng'enya chake kinageuka kuwa mkasi wa kukatakata penisilini. Siku ambayo hakuna dawa, ujanja huo hauna faida yoyote kwake. Siku dawa inapoingia, wenzake wanakufa kwa mamilioni, naye anabaki peke yake na chakula chote.

Kuna jambo la pili ambalo lilinishangaza zaidi nilipolisoma. Bakteria hangoji azae ndipo arithishe ujanja wake. Ana kipete kidogo cha maagizo kinachoitwa plazimidi, na anaweza kumpitishia jirani nakala yake, hata kama jirani huyo si wa aina yake. Ni kama mwakenya katika chumba cha mtihani. Anayeuandika ni mmoja, lakini ukipita chini ya madawati, dawati la mwisho linapata alama sawa na la kwanza. Kwa hiyo E. coli asiye na madhara yoyote, anayekaa zake kimya tumboni mwa ndama, anaweza kuwa ndiye mwenye mwakenya, akampa salmonela anayepita njia.

Mwakenya mmoja wa namna hiyo ulijulikana dunia nzima. Mwaka 2015 watafiti nchini China walitangaza jeni iitwayo mcr-1, waliyoipata kwa nguruwe, kwenye nyama mbichi na kwa wagonjwa hospitalini. Jeni hiyo inaishinda kolistini, dawa ambayo madaktari huiweka akiba kwa mgonjwa ambaye dawa nyingine zote zimemshindwa. Na huko China kolistini hiyo hiyo ilikuwa ikitiwa kwenye chakula cha mifugo ili wakue haraka. Mwaka 2017 waliipiga marufuku kwa kazi hiyo. Mtindo wenyewe wa kukuza mifugo kwa antibiotiki ulianzia Marekani mwishoni mwa miaka ya 1940, pale Thomas Jukes na Robert Stokstad wa kampuni ya Lederle walipoona kwamba vifaranga waliolishwa masalio ya kutengenezea dawa wanawapita wenzao kwa ukubwa. Sweden iliukataza mwaka 1986, na Umoja wa Ulaya ukamaliza kuukataza tarehe 1 Januari 2006. Onyo lenyewe ni la zamani kuliko hayo yote. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alipopewa tuzo ya Nobel mwaka 1945 alisema katika hotuba yake kwamba dozi isiyotosha inaweza kuacha vijidudu vikiwa sugu. Onyo hilo lina umri wa babu zetu.

Lakini China na Ulaya ni mbali. Turudi zizini.

Kwetu shamba ni dogo, na sehemu kubwa ina majani chai. Ng'ombe wa gredi mmoja au wawili hufungiwa zizini wakaletewa mabingobingo. Zizi likiwa na tope, au mkamuaji asipoosha mikono, bakteria hupanda kwa tundu la chuchu mpaka ndani ya kiwele. Anayesumbua sana huko anaitwa stafilokokasi. Chuchu moja inavimba, inapata moto, ng'ombe anapiga teke, na maziwa yanatoka na madonge kama mtindi. Hapo mwenye ng'ombe huanza safari ya kwenda agroveti. Mazungumzo ya dukani nimeyasikia mara nyingi nikiwa nasubiri kununua chumvi ya ng'ombe, na huwa hivi:

"Habari ya asubuhi, daktari?"

"Nzuri, mama. Ng'ombe wanasemaje?"

"Huyu wangu chuchu imefura tena. Nipe ile dawa ya rangi ya manjano ya siku ile."

"Tatu?"

"Nipe moja kwanza tuone."

Tunamwita muuzaji "daktari" kwa heshima, hata kama kazi yake ni kuuza tu. Katika maneno hayo machache kuna mambo matatu ya somo letu. Kwanza, dawa inaombwa kwa rangi, si kwa ugonjwa. Pili, hakuna aliyeangalia ni bakteria yupi yumo ndani ya chuchu ile. Sampuli ya maziwa inaweza kupimwa maabara, na maabara ya uchunguzi wa mifugo iliyo Karatina ipo kwa kazi za namna hiyo, lakini nani atafunga safari ya Karatina na chupa ya maziwa huku ng'ombe analia? Tatu, na hili ndilo zito, "nipe moja kwanza tuone." Tyubu moja inapunguza uvimbe. Bakteria dhaifu wamekufa, maziwa yanaonekana safi, na mama anashukuru Mungu pesa zake zimebaki. Ndani ya kiwele wamebaki wale wagumu. Ugonjwa ukirudi baada ya mwezi, utarudi na wao.

Kuku nao wana hadithi yao, ila ni fupi. Kuku hatibiwi mmoja mmoja. Poda inatiwa kwenye maji, wagonjwa na wazima wanakunywa pamoja, na aliye mgonjwa zaidi ndiye anayekunywa kidogo zaidi kwa sababu hana nguvu ya kusogea. Zipo poda zinazochanganya oksitetrasaiklini na vitamini katika pakiti moja, na wafugaji wengine huzitumia kuongeza mayai hata kama hakuna kuku anayekohoa. Kuku haachi kutaga kwa sababu anatibiwa. Yai la leo linakwenda kwa kibanda cha mayai ya kuchemsha leo hii.

Hapa msomaji makini atauliza: "Si tunachemsha maziwa? Si tunapika mayai?" Swali zuri, na nimeona hata watu wazima wakichanganya jibu lake. Kuna vitu viwili tofauti vinavyoweza kuwa ndani ya mtungi. Kimoja ni bakteria sugu wenyewe. Hao moto unawaua. Usugu wa dawa hauwapi usugu wa moto, na E. coli mwenye plazimidi kumi anakufa kwenye sufuria sawa na mwenzake asiye na kitu. Cha pili ni mabaki ya dawa, yaani penisilini au tetrasaiklini iliyotoka kwenye damu ya ng'ombe ikaingia katika maziwa. Hayo kuchemsha hakuyaondoi yote. Sehemu kubwa ya penisilini inapita kwenye moto wa jikoni ikatoka upande wa pili salama, ikaingia kikombeni pamoja na majani chai na sukari. Kwa mtu mwenye mzio wa penisilini hilo ni hatari ya moja kwa moja. Kwa sisi wengine ni dozi ndogo isiyotosha, inayoingia katika tumbo lililojaa bakteria, ile ile aliyoionya Fleming.

Kipimo cha kituo cha maziwa nacho hakioni lolote katika haya. Mpokeaji anatumbukiza laktometa kuona kama umetia maji. Anachanganya maziwa kidogo na spiriti kuona kama yataganda. Yakipita, yanamiminwa kwenye pipa moja na ya wengine. Vipo vipimo vya kuonyesha mabaki ya antibiotiki, lakini vinahitaji pesa na muda. Ishara moja ya nyumbani ambayo wengi wameiona bila kuielewa ni maziwa kukataa kuwa mala. Unaweka mbegu ya mala jioni, asubuhi unakuta maziwa yamekaa vile vile kama jana. Watu husema mbegu ilikuwa mbaya. Yamkini ni kweli. Lakini mala inatengenezwa na bakteria, na antibiotiki haijui bakteria rafiki ni yupi. Ndiyo maana wanaotengeneza mala na yoghati wanaogopa sana maziwa yenye dawa: mtungi mmoja unaweza kuharibu pipa zima. Samaki mmoja akioza, wote wameoza.

Bakteria sugu nao, ingawa moto unawaua, wana njia nyingine za kutufikia zisizopita kwenye sufuria. Kuku wa Krismasi anakatwa juu ya ubao, kisha kisu kile kile kinakatia nyanya za kachumbari. Kuku atapikwa, kachumbari haitapikwa. Samadi mbichi inatupwa kwenye sukumawiki. Mtoto anacheza zizini, halafu anashika mkate. Na wapo wanaopenda maziwa mabichi yakiwa na joto la ng'ombe, wakisema yana nguvu.

Je, ni kiasi gani cha dawa tunachozungumzia? Takwimu ninayoiamini ni ya zamani kidogo lakini ilipatikana kwa kazi ya kweli. Mitema na wenzake walikusanya rekodi za dawa zilizotumiwa kwa mifugo wa chakula nchini Kenya kuanzia 1995 hadi 1999, wakachapisha matokeo mwaka 2001. Wastani ulikuwa kilo 14,594 kwa mwaka. Hizo ni kilo za dawa yenyewe tupu, si maji ya chupa wala unga wa pakiti. Zaidi ya nusu ilikuwa ya jamii ya tetrasaiklini, ambayo ndiyo hiyo ya poda ya kuku na sindano ya ng'ombe. Kwa upande wa hasara, makadirio yaliyochapishwa mwaka 2022 yalisema kwamba mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa sababu ya bakteria walioshinda dawa.

Lakini ngoja. Hapa nataka kumtetea ng'ombe, kwa sababu ni rahisi kumtwika mzigo wote yeye na mwenyewe. Hao watu milioni 1.27 si wote waliougua kwa sababu ya maziwa na nyama. Sisi binadamu tunajitengenezea usugu wetu wenyewe, tukinunua vidonge vinne badala ya dozi kamili, au tukimeza antibiotiki kwa homa ya mafua ambayo haihusiani na bakteria. Taifodi, kwa mfano, haitoki kwa ng'ombe kabisa. Bakteria wake anaishi kwa binadamu. Hata salmonela wale wengine wanaoingia kwenye damu ya watoto wadogo, wengi wao wakiwa sugu kwa dawa kadhaa, wana habari ya kushangaza. Watafiti wa KEMRI, akiwemo Samuel Kariuki, walikwenda hadi nyumbani kwa watoto waliougua jijini Nairobi wakapima watu na wanyama wa hapo. Matokeo waliyochapisha mwaka 2006 yalionyesha kwamba salmonela wa watoto walifanana zaidi na wa watu waliokaa nao kuliko wa wanyama.

Utafiti mwingine, wa mradi uitwao UrbanZoo, ulichukua E. coli kutoka kwa watu, mifugo na wanyama wengine wanaoishi karibu na watu katika nyumba 99 za Nairobi, na maagizo ya uhai ya bakteria 1,338 yakasomwa moja baada ya jingine. Yalipotoka mwaka 2022, matokeo hayakumfurahisha mtu yeyote anayetaka jibu la mkato. Bakteria huvuka kutoka kwa mnyama kuja kwa mtu, na kutoka kwa mtu kwenda kwa mnyama, ila si mara nyingi. Wanazunguka zaidi ndani ya nyumba moja na miongoni mwa viumbe wa aina moja. Mimi nalisoma jambo hilo hivi: kila nyumba ina bwawa lake la vijidudu, na dawa inayoingia katika nyumba hiyo, iwe ya mtoto au ya ndama, inaingia katika bwawa. Mwenzangu mmoja chamani alisema basi tusiwasumbue wafugaji. Sikubaliani naye. Mlango mdogo ni mlango, na mcr-1 ilituonyesha kinachoweza kupita.

Kuhusu sheria sitakaa sana, kwa sababu kwenye karatasi mambo yako sawa. Kuna kanuni za mwaka 2015 zilizoanzisha kurugenzi ya dawa za mifugo, inayojulikana kwa herufi VMD. Kuna mpango wa taifa wa kupambana na usugu wa dawa, wa kwanza wa 2017 hadi 2022 na wa pili wa 2023 hadi 2027, ambao umewaunganisha watu wa afya na watu wa mifugo. Maagizo ya kitaalamu nayo yako wazi. Dozi imalizwe. Ng'ombe mgonjwa akamuliwe mwisho. Chuchu ziwekwe dawa baada ya kukamua. Na maziwa yasiuzwe wakati wa matibabu wala katika muda wa kusubiri baada yake. Muda huo unaandikwa kwenye karatasi ya dawa. Kwa dawa nyingi za kiwele huwa saa 72 hivi, na nyingine huzidi hapo. Hata kama chuchu iliyotibiwa ni moja, maziwa ya chuchu zote nne yanahesabiwa, maana dawa husafiri kwa damu.

Sasa twende kwenye pesa, kwa sababu mimi nashuku hapo ndipo mambo yote yanapokwama. Tuseme ng'ombe anatoa lita 10 za kuuza kwa siku, na lita ni shilingi 45. Siku tatu za tyubu na siku tatu za kusubiri ni siku sita. Hizo ni lita 60, sawa na shilingi 2,700, juu ya bei ya dawa. Kwa nyumba yenye ng'ombe mmoja hiyo ni pesa ya unga, ya mafuta ya taa na ya chakula cha mchana shuleni. Watu wa semina wakija husema wakulima hawana elimu ya jambo hili. Sidhani. Wengi wanajua vizuri sana kwamba maziwa yale yana dawa. Waulize kama wangempa mtoto mchanga wao. Wanachojua vile vile ni kwamba akisema ukweli anapoteza shilingi 2,700 peke yake, na akinyamaza hasara inagawanywa kwa wote wanaokunywa, kidogo kidogo, bila mtu kuhisi. Mwenye kusema kweli anaadhibiwa. Utapataje watu wakweli namna hiyo?

Ndipo nikapiga hesabu nyingine, nayo ni ya kwangu mwenyewe. Tuseme kituo kina wakulima 200, kila mmoja akileta lita 8 kwa siku. Hizo ni lita 1,600. Wakikatwa senti 50 kwa kila lita, mfuko unapata shilingi 800 kwa siku, na 24,000 kwa mwezi wa siku 30. Ukimlipa kila mwenye ng'ombe anayetibiwa shilingi 2,700 ili abaki na maziwa yake nyumbani, mfuko unatosha ng'ombe wanane na kubakisha chenji. Ukimlipa nusu, unatosha kumi na saba. Nilipoisoma hesabu hii chamani walipiga makofi, kisha mmoja akainua mkono akasema, "Na watu wakidanganya kwamba ng'ombe wao ni wagonjwa?" Jibu langu ni kwamba malipo yatolewe kwa karatasi ya daktari wa mifugo, mwenye jina la dawa, tarehe ya kuanza na tarehe ya kurudisha maziwa. Tena hapo kuna faida ya pembeni. Ili mkulima alipwe, itabidi daktari afike zizini, na mambo ya kununua dawa kwa rangi yatapungua bila mtu kuhubiriwa.

Lipo swali moja nililoliacha makusudi mpaka hapa, maana ndilo ninaloulizwa zaidi: kama maziwa hayauzwi, si apewe ndama? Inaonekana ni busara, na wafugaji wengi hufanya hivyo, hata katika nchi tajiri. Lakini ndama anayenyweshwa maziwa yenye dawa anapata dozi ndogo kila siku, na bakteria sugu wa tumboni mwake wanaongezeka. Kisha wanatoka kwa kinyesi, wanakwenda kwenye samadi, na samadi inakwenda shambani. Mbwa naye asipewe. Yamwagwe shimoni, mbali na kijito, na kwetu vijito ni vingi, kwa hiyo shimo litafutiwe mahali. Ndama apewe maziwa ya ng'ombe mwingine. Kama nyumba ina ng'ombe mmoja tu, itabidi yanunuliwe kwa jirani, lita 4 kwa siku kwa siku sita, ambazo ni lita 24, shilingi 1,080. Kwa hiyo katika ile hesabu ya mfuko, kwa mwenye ng'ombe mmoja mwenye ndama, andika shilingi 3,780 badala ya 2,700. Mfuko utatosha ng'ombe sita.